Hakuna Mama Aitwaye Maya

Zaituni binti yangu,

Barua njema huanza kwa kuulizana hali. Yako naiona kutoka hapa nilipokaa: umeinamia sanduku lako uani, unakunja na kukunjua gauni lile lile, na kila mara unatupa jicho kwenye mlango wangu. Yangu nawe unaifahamu. Alasiri hii umekuja na Baba Mkubwa wako Marjan, ukapiga magoti kwenye mkeka, ukasema, "Baba, mimi naomba radhi yako, kesho nakwenda chuo cha ualimu." Nami nikafungua mdomo, neno lisitoke, nikainuka, nikaingia chumbani na kufunga mlango. Baba Mkubwa wako ameondoka ameridhika, maana anadhani nimekunyima. Kwa jinsi unavyolitesa hilo gauni, naona nawe unadhani hivyo hivyo.

Sikukunyima. Mdomo umenigomea, basi. Kalamu haijawahi kunigomea, kwa hiyo nimeichukua, na nikimaliza nitampa mama yako akuletee barua hii kabla hamjala. Uisome leo. Usiiweke mpaka njiani, kwa sababu kuna jambo la kesho asubuhi ambalo lazima ulijue kabla hatujafika kwenye gari.

Habari za sabuni, za chumvi, za nani atakupokea Arua na wapi utashuka ukishavuka Nile, sitazigusa. Mama yako amezisema tangu jana na bado anazisema huko jikoni huku akigeuza mikate ya gurusa ya safari yako. Mtu akisema sana jikoni ujue anajizuia kulia. Mwache aseme.

Unajua kwa nini nakuandikia Kiswahili. Kinubi chetu ni cha kusemea na kuimbia harusi, sijapata kukiona kimeandikwa. Kiingereza changu kinatosha kuomba kiberiti. Kiswahili nilifundishwa jeshini, kule Kenya, na mwalimu mtu wa Tanga aliyenichapa kwa ajili ya ngeli mpaka zikaniingia. Nikiwa sokoni nasema "hii mutu iko mubaya" kama wenzangu wote, kwa sababu nikisema "mtu huyu ni mbaya" wauza samaki wananicheka. Lakini kalamu yangu ina adabu ya Tanga.

Ndiyo iliyonipatia kazi nilipotoka jeshini. Barabara ilikuwa inakatwa kutoka hapa Koboko kuelekea Dranya, na bwana wa barabara alikuwa Mwingereza mwembamba mwenye shingo nyekundu, ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa "haraka". Wakanichukua niwe mkalimani. Nilikuwa na kaptula ya jeshi ambayo mama yangu, haboba wako, aliipiga pasi kila asubuhi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata nyama. Bwana akisema, mimi nageuza, na vibarua wanafanya. Nusu ya maneno yake nilikuwa nayajua. Nusu ya pili nilikuwa naipika mwenyewe, na chakula kilikuwa kinaliwa, kwa hiyo sikuona ubaya.

Siku moja tulifika mahali tambarare penye majani mafupi ya kijani, pazuri, ungedhani pametengenezwa watoto wachezee mpira. Bwana alitangulia. Alipokanyaga hatua chache ardhi ikacheza chini yake, na majani yote yakapanda na kushuka mpaka kule mbali, kama godoro mtu anapokaa upande mmoja. Akaruka nyuma, akatazama viatu vyake, akasema neno moja. Vibarua wote wakanigeukia.

"Bwana iko nasema nini?" akauliza mmoja.

Sikujua. Neno lile sikuwahi kulisikia jeshini wala kwingine. Ningeweza kusema sijui, ni neno fupi, hata mtoto analiweza. Lakini ile kaptula ilikuwa imepigwa pasi.

"Iko nasema hii pahali ni kwa Maya," nikasema.

"Maya ni nani?"

"Mama moja ya zamani. Nyumba yake ilikuwa hapa."

Basi. Bwana alichora hewani kwa kidole, barabara ikapinda kupitia mwinukoni, hakuna aliyeumia, na jioni nikarudi nyumbani kula. Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo wasemavyo. Yangu ilifika mbali kuliko ile barabara. Kabla ya mvua kuanza, wapita njia walikuwa wanasema "tukutane kwa Maya". Kisha Maya akapata mume. Akapata ng'ombe. Wengine wakasema alikuwa mkarimu, kila msafiri alimpa maji, wengine wakasema alikuwa mchoyo na ndiyo sababu ardhi ilimmeza. Akina mama wa Dranya wakaanza kuwatishia watoto wao kwa jina lake. Na haboba wako, mama yangu mzazi, aliyeipiga pasi ile kaptula, siku moja akiwa anasuka kifuniko cha chakula aliniambia bila kupepesa macho, "Mimi najua Maya. Alikuwa mrefu, na alikuwa na wivu." Nilimtazama, naye akanitazama. Nikaanza kujiuliza labda mimi ndiye niliyesahau.

Watu wanapenda kuhesabu uongo kuwa kosa, na ni kosa, lakini si hilo linaloniuma. Linaloniuma ni jinsi nilivyoanza kupenda kuulizwa. Kwa sababu ya Maya nilionekana mtu anayejua mambo ya kale. Wakaja kuniuliza mipaka ya mashamba, wakaja kuniuliza babu zetu, wale askari, walitoka Sudani kwa njia ipi, na kila aliyekuja aliondoka na jibu. Mtu akizoea kuulizwa anasahau kuuliza. Nilikaa hivyo miaka mingi, nikanenepa kwa heshima, na mvi zikanipata nikiwa sijui kitu kipya hata kimoja.

Kisha ukaja wewe, na maswali yako.

Baba Mkubwa wako hakutaka uende kusoma Mvara, pale Arua. Alisema binti wa Kiislamu atafanya nini kwenye shule ya misheni, atarudi anaimba nyimbo za kanisani. Nikamjibu kwamba tutamtuma kwa shangazi yake Arua, atatoka Mwislamu asubuhi na kurudi Mwislamu jioni, na katikati atajifunza Kiingereza. Nitakuambia ukweli: sikukupeleka kwa sababu ya hekima. Nilitaka nyumbani kwangu pawe na mtu wa kunisomea maandishi ya serikali ili nisionekane sijui. Nilikutuma ukanichotee maji, ukarudi na kisima.

Unakumbuka likizo ile uliporudi na neno. Ulikuwa umekaa na haboba, unamshikia nyuzi, ukaniuliza kwa sauti ya upole sana, "Baba, huyu Maya, baba yake aliitwa nani?" Nilijua kwa upole ule kwamba ni mtego. Nikajikohoza. Ukangoja haboba alipoingia ndani, ukasogea karibu, ukasema polepole kama mtu anayemwamsha mgonjwa: *quagmire*. Mara ya pili ulilikata vipande: kwag, maya.

Wallahi nilimwona yule bwana anatazama viatu vyake.

Ukanieleza kama mwalimu wako wa Mvara alivyowaeleza. Kwamba ni kinamasi, lakini si kila kinamasi, ni kile chenye majani juu na tope chini, unachokikanyaga kikatikisika. Kwamba ni maneno mawili yaliyooana. La kwanza, la kale, ni la ardhi inayotetemeka, na lina ndugu yake ambaye Waingereza bado wanamtumia wakisema mtu anatetemeka au nchi inatetemeka. La pili ni tope, na hilo halikuwa la Waingereza kabisa. Lililetwa na watu wa kaskazini waliokuja zamani kwa mashua kupigana, wakapigana, wakachoka, wakakaa, wakaoa mabinti wa pale, na watoto wao wakachanganya maneno ya baba na ya mama mpaka hakuna aliyejua tena lipi ni la nani.

Nikakuuliza, "Walikuja kama askari?"

Ukasema, "Ndiyo, Baba."

"Wakakaa, wakaoa?"

"Ndiyo."

"Basi hilo neno ni Mnubi," nikasema.

Ulicheka mpaka ukaangusha nyuzi za haboba. Nami nilicheka, lakini moyoni nilikuwa sichezi. Maisha yangu yote nimesikia tukiitwa watu waliobaki, mabaki ya jeshi, watu wenye lugha iliyookotwa njiani. Na kumbe Kiingereza chenyewe, kilichokaa juu ya kichwa changu miaka yote ile kama kofia ya bwana, nacho kimezaliwa kambini kama sisi. Wewe ndiye uliyenipa habari hiyo. Siku ile nilijivunia zaidi ya siku niliyopata tepe begani.

Halafu nikaharibu. Nilikuambia, "Maneno ya nyumba hayatoki nje. Maya mwache kwa Maya." Ukaitikia kwa heshima. Likizo ile ukanyamaza, na iliyofuata ukanyamaza. Watu wakimtaja Maya ulikuwa unatazama chini, na mimi nilikuwa nakutazama wewe nikifikiri, mtoto mwenye adabu. Nilikuwa nakufundisha ugonjwa wangu na kuuita adabu.

Sasa tufike kwenye kile kikao, maana ndicho kilichotuleta hapa.

Yule mkubwa wa kijeshi alikuja kwenye ofisi ya gombolola na ramani yake akatuambia serikali itajenga zahanati. Uliwaona watu walivyopiga makofi. Tumebeba wagonjwa kwenye vitanda vya kamba mpaka mikono imeota sugu, na tangu Wahindi waondoke hata kidonge cha kichwa dukani ni bahati. Kisha akaweka kidole kwenye ramani akasema itajengwa kwa Maya. Pako karibu na barabara, pametandazika, si shamba la mtu. Na zaidi ya yote, ramani imeandika kwamba palikuwa na nyumba, maana waliochora waliwauliza wapita njia.

"Huyu mama Maya alikuwa nakaa pale, sivyo?" akauliza. "Kama nyumba yake ilisimama, basi ile ardhi iko nguvu."

"Ndiyo, afande," akajibu Baba Mkubwa wako. "Ndugu yangu hapa iko najua habari yake yote."

Wakanigeukia, kama vibarua walivyonigeukia zamani. Ilikuwa kiangazi, udongo wa pale ulikuwa umekauka juu kama ukoko wa ugali, na ningeweza kujidanganya kwamba kinamasi kimekufa. Niliona zahanati. Niliona kuta, vitanda, wanawake wanaojifungua. Nikasema, "Ndiyo, afande."

Ndipo nilipokusikia. Sikukuona kwanza, nilisikia sauti tu kutoka upande wa wanawake.

"Samahani, afande. Hakuna mama anaitwa Maya. Ile ni neno ya Kiingereza. Maana yake ni ardhi natetemeka. Mukijenga pale, mvua ikikuja, nyumba itaingia chini na wagonjwa ndani."

Wewe ni mtoto wa miaka hii, sina haja ya kukueleza watu walifanya nini. Sote tumejifunza kutazama vidole vyetu vya miguu mtu wa sare anapouliza. Tunawajua waliomjibu mkubwa vibaya wakapandishwa gari, na mpaka leo wake zao hawajui wahesabiwe wajane au la.

Nikasema, "Wewe mtoto, kaa chini! Usinitie aibu."

Ukakaa.

Nimeigeuza sauti ile kichwani kila siku tangu hapo. Ningependa kukuambia ilikuwa hofu, kwamba nilikuwa nakukinga. Hofu ilikuwepo. Lakini nisikupikie na hilo. Aibu ilitangulia, hofu ikafuata nyuma yake. Kabla sijafikiri watakufanya nini, nilifikiri watu watanionaje mimi.

Kisha yule mkubwa akauliza, "Nani amesema?" Akauliza tena, na akaanza kutazama upande wa wanawake, uso mmoja baada ya mwingine. Hapo ndipo nilipokuona. Ulikuwa unainuka tena. Pindo la gauni lako lilikuwa linatikisika, mama yako amekushika mkono anakuvuta chini, na bado ulikuwa unainuka. Baba yako amekukataza, mwenye bunduki anakutafuta, na unainuka kwa sababu ya wagonjwa ambao hata bado hawajaugua.

Kusimama mara ya kwanza kunaweza kuwa ujana, damu imechemka, mtu ameropoka. Kusimama mara ya pili ni kitu kingine. Nimekaa jeshini, nimeona wanaume wenye medali ambao mara ya pili hawakusimama. Mimi mwenyewe sijui kama ningesimama.

Basi nikasimama mimi, ili usimalize kusimama peke yako.

Watu wanadhani nilisema yale niliyosema ili kuokoa uso wangu kwa mzaha. Sikuwa na mzaha hata chembe. Nilisema, "Afande, mimi nimezaa binti wawili. Moja nilizaa na mdomo, kule barabarani, sababu nilishindwa kusema sijui. Ile ni Maya. Yeye hayuko, hakuwa, nyumba yake hakuna. Ya pili ni ile nasimama pale. Ile ndiyo nasema kweli."

Hapo ingeweza kwenda popote. Kilichotuokoa ni bahati, si hekima, na bahati hiyo ilikuwa Papa Simoni, yule Mkongomani muuza vitenge, aliyesema kutoka nyuma kwa masikitiko kabisa, "Ee mzee, sasa miaka yote nikipita pale nilikuwa nasalimia mutu asiyekuwako?" Mtu mmoja akacheka. Kisha wengine, kisha mkubwa mwenyewe, aliyejaribu kuuma mdomo na asiweze. Akaagiza twende tukaone. Dereva wake akachoma fimbo kwenye ule ukoko, ikazama mpaka mkono wake ukagusa majani, na alipoivuta ikatoka na harufu ya mayai mabovu. Kabla ya jua kuzama vigingi vilikuwa vimepigwa kule mwinukoni. Sasa hivi kuta zimefika kwenye madirisha, na kila nikipita naziangalia kama mtu anayeangalia mjukuu.

Lakini kijiji ni kijiji. Haboba amenuna, anasema tumemuua rafiki yake. Na Baba Mkubwa wako aliniambia usiku ule ule, "Binti amekuvua nguo mbele ya watu. Ukimwacha aende hivi, huko mbele atamvua nani?" Usimchukie. Marjan ndiye aliyenibeba mgongoni baba yetu alipokufa, na anachokilinda ni mimi. Anaamini kwamba heshima ya mzee ni kama chungu, kikipasuka hakishonwi. Ndiyo sababu amekufundisha maneno ya kusema leo, na ndiyo sababu amepanga kwamba kesho kwenye gari, mbele ya watu wote wa kikao kile, upige magoti tena uombe radhi kwa sauti.

Sasa nikueleze kwa nini mdomo uligoma.

Ulipopiga magoti, jibu la desturi lilikuwa tayari kinywani: "Nimekusamehe." Nililijua, nilikuwa nimelitayarisha tangu asubuhi, lingemridhisha kaka yangu na lingekutoa machozi na mambo yangekwisha. Lilipofika kwenye meno likakwama. Nisamehe nini? Ningekuwa nimesimama tena pale barabarani na kaptula yangu, natoa jina kwa kitu kisichokuwepo. Lingekuwa Maya wa pili, na huyu ungesafiri naye, ungemlea, angepata mume na ng'ombe ndani ya moyo wako, na siku moja ungewaambia watoto wako kwamba uliwahi kumkosea baba yako. Nikashindwa. Na kwa kuwa nilishindwa kusema la desturi, nikatafuta la kweli, nalo lilikuja na machozi, na mimi sijui kulia mbele ya Marjan. Ndiyo maana nikakimbia.

Neno radhi, mwalimu wangu wa Tanga alitufundisha, lina nyuso mbili. Kuomba radhi ni kuomba msamaha. Lakini radhi ya mzazi ni kitu kingine, ni ule moyo wa mzazi uliotulia juu ya mtoto wake, anaouchukua mtoto popote aendapo, na asiyekuwa nao hata akilala kwenye kitanda cha chuma hapati usingizi. Baba Mkubwa wako anataka uombe ile ya kwanza. Mimi nakupa hii ya pili, na sikupi leo, unayo tangu pindo lile la gauni lilipotikisika.

Unakwenda kuwa mwalimu. Sitakufundisha kazi nisiyoijua. Najua tu kwamba utakuwa na gauni la pasi, na watoto arobaini au zaidi watakugeukia waseme, "Mwalimu, maana yake nini?" na kuna siku hutajua. Siku hiyo utasikia jibu zuri linakujia lenyewe, limevaa vizuri, halina kosa hata moja. Nakuomba ulitazame vizuri kabla hujalitoa. Kusema "sijui, kesho nitawaambia" kunauma kama kuchomwa sindano, kisha kunapoa. Mimi nilikwepa sindano, nikabeba jeraha miaka yote hii.

Lakini si hilo ninaloliogopa kwako. Kutojua hakutakushinda, wewe ni mtu wa kuuliza tangu hujaota meno ya juu. Ninaloliogopa ni kwamba utajua, ukanyamaza. Huko uendako kuna wakubwa wengi, wengine wana sare na wengine wana suti, na wote watakuambia kwa njia moja au nyingine maneno niliyokuambia mimi. Watasema ni heshima. Wahenga walisema heshima si utumwa, na mimi nimelitumia neno hilo mara nyingi kuwafundisha vijana kuinama. Kumbe nilikuwa nimelishika kichwa chini miguu juu.

Najivunia wewe, Zaituni. Naliandika hivi wazi kwa sababu sijawahi kulisema na huenda sitalisema, sisi wanaume wa nyumba hii tumelelewa kusifu ng'ombe na kunyamazia watoto. Najivunia kwamba ulijua. Najivunia zaidi kwamba ulinitii likizo mbili, kisha ukaacha kunitii saa ile ile iliyofaa, wala si kabla. Ukikaa na wasichana wenzako huko ng'ambo ya Nile wakakuuliza baba yako ni nani, waambie ni mkalimani. Waambie alikosea neno moja, na binti yake akalisahihisha, na siku ile alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote waliokuwa kwenye kikao, ingawa uso wake haukuonyesha.

Sasa la kesho. Baba Mkubwa wako atakuwa wa kwanza kufika kwenye gari, unamfahamu. Haboba ataletwa, majirani watakuja, na Papa Simoni hatakosa. Utakapokuja kuniaga, Marjan atakuonyesha ardhi kwa jicho. Usipige magoti. Najua mwili wako umezoea, utataka kushuka wenyewe, uzuie. Simama wima mbele yangu kama ulivyosimama siku ile, unipe mkono, na mimi nitasema mbele yao wote kwamba hukunikosea na kwamba unaondoka na radhi yangu yote.

Na kama mdomo utanigomea tena, nikabaki nimekushika mkono kama mzee aliyekasirika, usingoje, na usiwaangalie wao. Wao wataona ukimya. Wewe umeshaisoma barua. Uachie mkono wangu taratibu, binti yangu, upande gari.

Baba yako,
Rajab